Mzee Tumainieli na Selo Yake

Same, Jumatatu 9 Oktoba 2023

Niliondoka hapa tarehe 6 Agosti 1979, na juzi Jumamosi nimeshuka tena katika stendi ya Same: miaka arobaini na minne, miezi miwili na siku moja. Nahesabu kwa sababu kila ninayekutana naye ananiuliza ni mingapi, na nikijibu "arobaini na kitu" ananitazama kama mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu. Nina miaka sitini na mitano. Kumbukumbu yangu haina kasoro, na afadhali ingekuwa nayo.

Nitakaa hadi tarehe 20 Desemba. Nimepanga chumba kwa Bi Mwanahalima, mjane mwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa barabara kuu, mcheshi, asiyezima redio. Nimekuja kwa sababu mbili. Ya kwanza ndiyo ninayoitaja kwa watu: mpwa wangu Jenifer, mchoraji, amekodi ghala la zamani la katani karibu na reli, amelipaka chokaa, ametundika picha zake na kuliita galari. Anataka nilifungue kwa kupiga selo, ile fidla kubwa ya kubana kwa magoti, peke yangu, Jumamosi ya tarehe 2 Desemba. Sababu ya pili ni mama yake Jenifer, dada yangu Dorkas, ambaye hajasema nami tangu mwaka 1996.

Hakuna mvua. Vumbi lipo hadi kwenye chai.

Jumatano 11 Oktoba

Jambo hili niliandike mapema na kwa usahihi, nisije nikaanza kulipamba.

Mama alifariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1996. Simu ilinifikia Ujerumani siku hiyohiyo, na nikasema, "Nakuja, nisubirini." Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, na mtoto huyo ni mimi. Ndege ya Ijumaa ilikuwepo. Pasi ya kusafiria ilikuwa mezani. Lakini mpiga selo mkuu wa okestra yetu alikuwa amevunjika kifundo cha mkono wiki hiyo, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika miaka thelathini na mmoja ya kazi niliambiwa nikae mbele, peke yangu, Jumapili ya tarehe 17. Nikabaki. Jumamosi nikatuma ujumbe kwamba karatasi za safari zimechelewa. Jumanne nikatuma mwingine kwamba zimekataliwa. Walimzika Jumatano. Walikaa na mwili wa mama siku sita wakinisubiri, na udongo wa kwanza alitupa Dorkas.

Aliniandikia sentensi moja: "Karatasi hazimzuii mtu kumzika mama yake." Alikuwa amesema kweli. Sikumjibu, na kila mwaka uliopita ulifanya jibu kuwa gumu zaidi.

Jumamosi 14 Oktoba

Basi hadi Maore, kisha bodaboda kupanda mlima. Nilidhani nitaikumbuka njia. Niliukumbuka mteremko tu, kwa magoti.

Dorkas alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Hakunyanyuka.

"Karibu. Mgeni anatoka wapi?"

"Dorkas, ni mimi."

"Nimekuuliza unatoka wapi. Wewe ni nani, hilo najua."

Alinisemesha Kiswahili. Sisi wawili tangu kuzaliwa tunasemezana Chasu, Kipare chetu, hata katika kugombana. Kiswahili katika ua ule kilikuwa cha ofisa kilimo na wauza vitenge. Nikajua nimewekwa fungu gani.

Alinipa chai ya tangawizi, nzuri sana, na kiti, nacho kizuri. Nilipoanza kusema, "Kuhusu mama," aliinua ungo akapepeta kwa nguvu hadi maganda yakaniingia machoni. Nilipomaliza kikombe alisimama.

"Basi la mwisho la kurudi Same ni saa tisa," alisema.

Ilikuwa saa saba.

Jumatatu 16 Oktoba

Redio ya Bi Mwanahalima inatangaza kwamba vuli ya mwaka huu itakuwa ya mafuriko. Mawingu yanapita juu ya Same yakielekea milimani kama watu wenye shughuli zao.

Alhamisi 19 Oktoba

Ukame umeachisha gundi ubavuni mwa selo. Nimeigundisha upya, nikaibana kwa mipira ya baiskeli, na kuweka ndoo ya maji chumbani ili hewa ilainike. Bi Mwanahalima aliingia na shuka safi, akaitazama ndoo, akaitazama selo iliyofungwa mipira, akanitazama mimi.

"Inaumwa?"

"Imekauka."

"Nani hajakauka Same?" akasema, akatoka.

Jumamosi 21 Oktoba

Jenifer ameandika mlangoni pa galari PICHA NA FREMU. Leo wamekuja watu wanne kuulizia fremu za biashara, kodi yake kwa mwezi, na kama zina umeme. Mmoja alitaka kufungua duka la vipuri. Alipoambiwa kwamba ni fremu za picha alikasirika kabisa. Alisema tumempotezea muda wake.

Jumanne 24 Oktoba

Leo nimekutana na Muhidin, mwandishi wa mabango, ambaye pia ni mshereheshaji. Inasemekana hakuna harusi Same isiyopita mikononi mwake. Alikuwa ametandaza kitambaa sakafuni na kuandika kwa penseli MZEE TUMAINIELI NA CELLO YAKE.

Nilimwambia afute. Siwezi kuvumilia neno la Kizungu limesimama katikati ya sentensi ya Kiswahili kama gogo barabarani. Nilipokuwa mtoto kule juu, mke wa daktari mmisionari aliyenifundisha muziki alikuwa na sanduku lililoandikwa CELLO, na sisi wanafunzi wake tuliojua "senti" na "sentimita" tulisoma "selo", na selo ikabaki.

"Mzee, naomba kuuliza," alisema Muhidin. "Selo? Herufi es, e, el, o?"

"Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa."

"Sawa mzee wangu, lakini watu wa hapa mjini, selo kwao..."

"Neno hilo nimelisema kabla baba yako hajabalehe."

Jenifer alifungua mdomo. Nikamnyooshea kidole, akaufunga.

"Haya," Muhidin alisema, akichovya brashi. "Itifaki imezingatiwa."

Jumamosi 28 Oktoba

Bango limetundikwa kati ya nguzo mbili za umeme, kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila basi linalopita lazima lilisome. Muhidin ameshindwa kuyaingiza maneno yote niliyompa, akapunguza kwa hiari yake:

MZEE TUMAINIELI NA SELO YAKE. MIAKA 44. PEKE YAKE.

Herufi nzuri lakini.

Jumatatu 30 Oktoba

Watu wamekuwa wapole ghafla. Mama wa sokoni alinisalimia kwa mikono miwili na kunipa maembe bila kuomba. Kinyozi alipokuwa ananikata aliniuliza kwa sauti ya chini kama "kule" walikuwa wananyoana wenyewe kwa wenyewe. Nikasema hapana, kuna vinyozi. "Afadhali," akasema, na akaendelea taratibu sana, kama mtu anayemnyoa mgonjwa.

Alhamisi 2 Novemba

Nimeelewa, na nimeshikwa na hasira ambayo sina pa kuiweka.

Asubuhi Bi Mwanahalima alileta uji, ambao sikuagiza, akakaa kitandani pangu bila kukaribishwa.

"Mzee Tumainieli. Mimi sina la kukuuliza. Kila mtu na kosa lake, na Mungu ndiye mwenye kusamehe. Nataka ujue tu kwamba hapa kwangu wewe ni mgeni kama wageni wengine."

"Kosa gani?"

"Si nimesema sikuulizi?"

"Bi Mwanahalima, kosa gani?"

Alielekeza kidevu dirishani, upande wa bango. "Miaka arobaini na minne selo. Mwenzetu hapa alikaa selo siku tatu tu, kituoni, kwa ugomvi wa mbuzi, akatoka amekonda."

Siku zangu mahali hapo paliitwa mahabusu, na wasiojali walisema lokapu. Wakati nilipokuwa nje, Kiswahili kilikwenda kikaokota neno "selo" mahali fulani na kulipa kazi nyingine, wala hakikuniarifu. Sasa Same yote inajua kwamba Wazungu walinifunga tangu mwaka 1979, peke yangu, na kwamba tarehe 2 Desemba nitatoa ushuhuda.

Nilikwenda galarini. Jenifer alikuwa akicheka hadi amekaa chini.

"Ulijua!"

"Mjomba, ulininyooshea kidole."

Muhidin yeye hakucheka. Alisema kibiashara hii ni neema: viti mia na ishirini havitatosha.

Jumamosi 4 Novemba

Nimejaribu kukanusha. Haiwezekani. Nilimwambia kinyozi sikufungwa, akasema, "Naam, mzee, na sisi tunasema hivyohivyo." Nilimwambia Bi Mwanahalima kwamba nilituma nyumbani picha za harusi yangu. Akasema magereza ya Ulaya ni kama hoteli, hata kuoa wanaruhusu. Nikamwonyesha picha ya okestra, watu sabini wamevaa nguo nyeusi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mlivaa sare nzuri," akasema.

Jumatano 8 Novemba

Mvua. Imeanza saa nane mchana na kupiga mabati hadi sikuisikia redio, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Mji mzima umetoka nje kunawa uso. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaza kwamba galari nayo imeezekwa mabati, bila dari, na kwamba chombo changu hakina kipaza sauti wala sitaki kiwe nacho. Pengine ni mimi pekee Same nzima niliyeomba mvua ipungue. Nikaona aibu, na nikaomba tena.

Jumatatu 13 Novemba

Mvua. Muhidin anasema shughuli bila mgeni rasmi si shughuli. Nikamwambia wasikilizaji ndio wageni. Alinitazama kwa huruma.

Jumanne 14 Novemba

Miaka ishirini na saba leo. Nimefanya mazoezi kwa saa tatu. Sina zaidi ya kuandika.

Jumamosi 18 Novemba

Dorkas amekuja.

Nilikuwa galarini nikijaribu mahali pa kuweka kiti. Nilisikia kikohozi mlangoni, na pale alikuwa amesimama, amelowa hadi magotini, hotipoti mkononi imefungwa kwa khanga. Barabara ya Kisiwani, njia ya kutoka kwao, imeliwa na maji. Alishuka basi mara mbili kuvuka kwa miguu. Ana miaka sitini na mmoja.

"Kaka," alisema. Kwa Chasu.

Alikuja moja kwa moja akanishika mikono yote miwili na kuigeuza, akitazama viganja, kisha vidole. Ncha za vidole vyangu vya mkono wa kushoto ni sugu tupu, kama za kila mpiga selo. Alizigusa moja moja.

"Walikutumikisha," akasema, akaanza kulia.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Naandika hili ili lisipotee. Nilikuwa na muda. Alilia, akafuta uso, akafungua hotipoti, na ndani mlikuwa na makande ya nyumbani, mahindi na maharage yaliyolainika pamoja, na harufu ile ilinifunga mdomo kuliko kufuli lolote.

"Tumepata habari kanisani kwamba ulifungwa," alisema nilipokuwa nakula. "Mimi nilisema siamini. Nikarudi nyumbani nikatoa barua zako zote. Ndipo nikaona. Mwaka ule ulisema karatasi. Nikajiuliza, mtu mzima mwenye kazi yake anakosaje karatasi siku sita? Kumbe ulikuwa ndani, na ukaona haya kutuambia. Na mimi miaka yote hii nakulaani, kaka. Nilikulaani kaburini, mbele ya watu, na mchungaji alinisikia."

"Dorkas..."

"Kula. Usiseme. Hata usiniambie ulifanya kosa gani."

Nikala. Sahani mbili.

Jumapili 19 Novemba

Tumekwenda kanisani pamoja. Alinishika mkono hadi ndani.

Jumatano 22 Novemba

Dorkas amebaki kwa Jenifer hadi siku ya onyesho. Kila mchana analeta chakula. Ananisimulia nani alikufa, nani aliuza shamba, nani alioa mke wa pili akiwa mzee wa kanisa. Anacheka kama zamani, mkono mdomoni. Jana alinivalisha sweta alilofuma mwenyewe, kwa sababu "mtu aliyetoka huko baridi haimtoki mifupani".

Ninachukia kila kitu: bango, Muhidin, lugha, mvua inayotia kutu kwenye nyuzi. Nimemgombeza Jenifer kwa kuning'iniza picha upande. Ilikuwa sawasawa. Aliyepinda ni mimi. Nimepata kile nilichokuja kukitafuta, na hakikuandikwa jina langu. Amesamehewa mfungwa fulani ambaye hakuwahi kuishi, na mimi namlia makande yake.

Asubuhi nilianza kumwambia. "Dorkas, mwaka ule sikuwa..." Akaniwekea kidole mdomoni, mbele ya watu, kama mtoto.

Jumatano 29 Novemba

Mvua. Muhidin amemwalika mkubwa mmoja wa mjini awe mgeni rasmi. Ameandaa meza, kitambaa cha satini na maji ya chupa, na ameviweka hasa mahali ninapotakiwa kukaa mimi. Nikaisogeza. Akairudisha. Tumefanya hivyo mara tatu bila kusemezana.

Jumapili 3 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo yote.

Onyesho liliandikwa saa kumi. Saa kumi walikuwepo watu wawili, mimi na mwenye viti vya kukodi. Saa kumi na moja na robo ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni: wafanyabiashara wa barabara kuu na kofia zao, kwaya nzima ya kanisani, akina mama wa Ndungu waliokuja na basi la kukodi, kinyozi. Pande zote ukutani picha za Jenifer, milima mikubwa ya rangi ya kutu. Watu walizitazama kwa adabu na kuziegemea. Dorkas alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni la kanisani.

Mgeni rasmi hakutokea. Muhidin hakubabaika hata dakika moja. Alimsimamisha Bi Mwanahalima, akamkalisha nyuma ya satini, akamtangaza. Bi Mwanahalima alisema dakika ishirini na tano. Alisema gerezani ni mahali pa yeyote, hata Nabii Yusufu alikaa. Alisema mzee huyu anakunywa uji wake wote na hajawahi kuiba hata sabuni. Kwaya ikapiga vigelegele. Kisha Muhidin akainua kipaza sauti.

"Wapendwa, itifaki imezingatiwa! Miaka arobaini na minne selo! Hakuvunjika! Leo ametutolea hiyohiyo selo tuione kwa macho!"

Watu walisimama kupiga makofi. Nikakaa, nikaweka chombo magotini, nikainua upinde, na mvua ikaanguka.

Haikunyesha, ilianguka, kama lori la kokoto limemwagwa juu ya mabati. Nilipiga kipande cha kwanza chote bila kusikia noti hata moja. Nilijua napiga kwa sababu mkono ulikuwa unakwenda. Nilipomaliza, nikasimama na kupunga mkono kwamba basi, haiwezekani, tusubiri. Hakuna aliyesubiri. Mtu wa mstari wa tatu alinyanyua kiti chake cha plastiki akaja nacho mbele. Kisha wa nyuma yake. Kisha ghala zima likaja, viti vikiburuzwa sakafuni, meza ya satini ikapinduliwa hatimaye, hadi nikawa nimezingirwa pande zote, na kila nilipovuta upinde hadi mwisho niligonga goti la kinyozi. Waliinamisha vichwa kama watu wanaoota moto. Wenye masikio mazito walishika ubao wa selo kwa viganja. Katika ukumbi wowote wa Ulaya ningesimama nikaondoka. Nilipiga.

Cha mwisho nilipiga kile cha Jumapili ya tarehe 17 Novemba 1996. Nilikuwa nimeamua hivyo tangu asubuhi. Magoti ya Dorkas yalikuwa karibu kugusa yangu. Alifumba macho. Nilipomaliza aliinama karibu na sikio langu na kupaza sauti juu ya mvua:

"Hii ndiyo waliyokufundisha humo ndani?"

"Sikuwa ndani."

"Nini?"

"Sikufungwa, Dorkas! Selo ni hiki! Ni jina la hiki chombo!"

"Sikusikii!"

"Nilikuwa napiga! Mama alipokufa! Karatasi nilikuwa nazo! Ndege ilikuwepo! Nilibaki nipige hii!"

Yeye alirudi nyuma kwenye kiti chake. Waliokuwa karibu pia walikuwa wamesikia, na nilisikia habari ikitoka kiti hadi kiti kuelekea mlangoni, kila mmoja akimpigia mwenzake kelele sikioni. "Anasema hakufungwa!" "Hakufungwa?" "Alikuwa anapiga ngoma!" "Wakati wa nini?" "Wakati wa msiba wa mama yake!" "Ngoma?" "Ngoma!"

Dorkas alisimama. Watu walimsogezea viti, akapita. Hakuchukua mwavuli.

Jumatatu 4 Desemba

Uji haukuja.

Jumatano 6 Desemba

Kinyozi amefunga mlango aliponiona. Mama wa maembe amenitajia bei. Dorkas alipanda basi la kwanza la Jumapili.

Leo nilimkuta Bi Mwanahalima uani akianika shuka kwenye kajua kadogo.

"Umenikasirikia kwa sababu nilidanganya," nikasema.

"Nani amesema ulidanganya? Wewe hukusema kitu." Alikung'uta foronya. "Uongo ule ulikuwa wetu, mzee. Tuliutunga sisi, tukaulisha, ukakua, ukamshusha dada yako mlimani. Nani alikupa ruhusa ya kuuvunja?"

"Ilikuwa lazima ajue."

"Alikuuliza?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa lazima kwa nani?"

Nikaenda galarini.

Jenifer alisema maneno machache zaidi, na hakuyasema kwa hasira. "Mjomba, mama alikuwa ameanza kuimba jikoni. Sijawahi kumsikia akiimba jikoni."

Jumamosi 9 Desemba

Mvua. Muhidin ameliteremsha bango. Ananiambia amepata kazi tatu kwa sababu yake.

Jumatano 13 Desemba

Mvua. Barabara imekatika.

Jumamosi 16 Desemba

Barabara imefunguliwa, nami nimepanda. Sehemu ya juu bodaboda ilishindwa na tope, nikaenda kwa miguu, nikishika majani ya migomba.

Dorkas alikuwa shambani akipalilia maharage. Aliniona kwa mbali, akamaliza mstari wake, ndipo akaja. Tulikaa kwenye kizingiti, kila mmoja na tope lake. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Maore. Alinitangulia.

"Siku ile tulipokuwa tunakusubiri. Ulipiga vizuri?"

Nikafikiri kumwambia vibaya. Ingekuwa rahisi, na ingempendeza yeyote aliye kanisani.

"Vizuri kuliko siku zote za maisha yangu."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Heri. Ungesema ulipiga vibaya, ningekufukuza."

Akakwangua jembe kwa kijiti. Kisha alisema, kwa utulivu kama mtu anayepanga kazi za kesho:

"Kaka, mimi sina ugomvi nawe tena. Nimechoka nao. Lakini mfungwa nilimsamehe kwa moyo wote, na wewe nimekusamehe kwa akili tu, na si sawa, na wewe ujue si sawa. Nimeshamwambia Jenifer. Nikifa, nizikwe kesho yake. Udongo wa kwanza autupe yeye. Asikupigie simu kwanza."

"Nitakuja."

"Usiahidi. Sisi tunajua kukungoja. Hilo ndilo tatizo letu. Watu watakuja hapa, watakaa, watasema kaka yake yuko njiani. Sitaki kulala siku sita."

"Dorkas, sasa sina kazi. Nimestaafu. Hakuna wa kunizuia."

"Na siku ile nani alikuzuia?"

Mvua ndogo ilianza. Aliingia ndani akatoka na kifurushi cha maharage mabichi, akakiweka mapajani pangu. Tulikwenda kaburini kwa mama, mita thelathini kutoka mlangoni, amelala kati ya migomba, saruji imepasuka upande mmoja kwa maji. Dorkas alinionyesha ufa na kusema fundi atakuja Januari. Hakuniomba hata senti, wala hakuniacha peke yangu pale. Alisimama kando yangu hadi nilipogeuka.

Jumanne 19 Desemba

Naondoka kesho kwa basi la asubuhi. Selo nimemwachia Jenifer, yenye ubavu uliogundishwa, amesema ataichora. Bi Mwanahalima ameleta uji, hakukaa. Ameuliza aniandikie tena chumba lini, watu wa Krismasi ni wengi na mwakani wataanza kuagiza mapema. Nimemwambia akitoe kwa mwingine.

Dada yangu ameniomba jambo moja tu katika miaka ishirini na saba, kwamba mwili wake usiningoje, na naweza kulitimiza. Sitarudi.